Farasi, Theluji na Mkulima Mdogo: Uvutaji wa Magogo Nchini Ufini katika Karne ya 20

Historia ya misitu ya Ufini mara nyingi husimuliwa kama ushindi wa mashine dhidi ya mnyama. Insha hii inadai kuwa simulizi hiyo inaficha jambo la msingi: farasi alikuwa kiungo kati ya shamba na msitu.

Majira ya joto farasi alilima. Majira ya baridi, shamba likiwa limefunikwa na theluji, mkulima alimpeleka msituni kuvuta magogo kwa ujira. Barafu ilipunguza msuguano, hivyo farasi aliweza kuburura kwa sleji shehena ambayo asingeiweza juu ya ardhi kavu. Magogo yalirundikwa kandokando ya mito, yakingoja theluji iyeyuke ili yaelee hadi viwandani. Farasi huyo wa Kifini alikuwa na daftari lake la nasaba tangu mwaka 1907.

Katika miaka ya 1950 Ufini ilikuwa na farasi wapatao 400,000. Misumeno ya mashine na matrekta yalipoenea, idadi hiyo iliporomoka. Farasi alipokosa kazi msituni, mwenye shamba dogo naye alikosa ujira wa baridi. Ingawa uhamaji ulikuwa na sababu nyingi, pengo hilo halitenganishwi na wimbi la waliohamia mijini na Uswidi mwishoni mwa miaka ya 1960.

Kwa hiyo, kutoweka kwa farasi msituni si badiliko la zana pekee. Mvuta magogo wa zamani alimiliki nguvu aliyoifanyia kazi, akailisha kwa nyasi za shamba lake mwenyewe. Trekta lilidai fedha taslimu, nazo ndizo alizokosa.