Je, Lucky Summer Iwe Mji wa Peke Yake? Habari za Mipaka ya Nairobi



Katika mazungumzo ya mwaka huu limezuka tena neno ambalo si geni, ya kwamba Lucky Summer imekua kiasi cha kutosha, na kwamba ingefaa ijitenge na Nairobi iwe mji wenye baraza lake, kodi zake na hazina yake. Wasemao hivyo si watu wa ugomvi. Wametazama barabara zenye matope, wakatazama na stakabadhi za kodi ya ardhi walizolipa, wakauliza fedha zaenda wapi. Swali lao ni la haki, nasi tumeona vema kulijibu kwa kutazama nyuma, kwa kuwa jambo hili limekwisha kujaribiwa karibu nasi.

Nairobi yenyewe haikuzaliwa na ukubwa huu. Reli ilifika mwaka 1899, na kanuni za mwaka uliofuata zikauweka mji ndani ya duara la maili moja na nusu tu. Mwaka 1919 ukawa Manispaa. Wakati ule palikuwapo vitongoji nje ya mpaka vilivyojiendeshea mambo yao kwa kiasi, kama vile Muthaiga ya Wazungu wenye mali, na Eastleigh upande wetu huu wa mashariki. Tume ya Jaji Feetham ilitoa taarifa yake mwaka 1927, na baada ya hapo mpaka ukasogezwa hata ukazunguka maili za mraba 30 hivi, navyo vitongoji hivyo vikaingizwa ndani. Hoja ya mji katika mambo kama haya haibadiliki: anayelala nje ya mpaka hutembea kila siku katika barabara za mji, huuza na kununua sokoni mwake, kisha jioni hurudi kwake asilipe kitu.

Ruaraka yetu ilibaki nje miaka mingi zaidi. Kiwanda cha bia kilianza huko mwaka 1922, na mashamba ya walowezi yalikizunguka. Hata Nairobi ilipopewa Hati ya Kifalme ya kuwa Jiji, tarehe 30 Machi 1950, ardhi hii haikuwamo. Ni mwaka 1963 ndipo mpaka ulipopanuliwa kufikia kilomita za mraba 690 hivi, nazo Ruaraka, Kasarani, Dagoretti na Embakasi zikamezwa kwa mara moja. Kwa hiyo tusiseme kama baadhi yetu wasemavyo, kwamba sisi tulikuja kubisha hodi mlangoni mwa Jiji. Mpaka ulitangulia, nyumba zetu zilijengwa baadaye. Wakati wa hesabu ya watu ya 1969 Nairobi nzima ilikuwa na watu 509,286. Katika hesabu ya 2019 walikuwa 4,397,073.

Wanaotaka kujitenga wana hoja moja yenye nguvu ambayo wao wenyewe hawaitaji mara nyingi, na wazee wataikumbuka kuliko mwandishi wa maneno haya. Mwaka 1970 Serikali Kuu ilizichukua shule za msingi, afya na barabara kutoka kwa mabaraza ya wilaya, lakini manispaa chache, Nairobi ikiwa mojawapo, ziliachiwa kazi hizo. Hivyo jina la manispaa halikuwa pambo. Lilikuwa tofauti kati ya kuwa na shule zako na kutokuwa nazo. Ila ile kodi iliyotozwa kila mtu kwa kadiri ya kipato chake nayo ikafutwa miaka michache baadaye, na mamlaka zilizobaki na kazi zikajikuta hazina fedha za kuzifanyia. Hapo ndipo penye shida yetu.

Kodi ya ardhi iliyo nono hutoka viwandani na madukani. Viwanda vyenyewe viko Baba Dogo na kandokando ya Barabara ya Thika. Tukichora mpaka kuzunguka Lucky Summer peke yake, tutakuwa tumechora mji wa vyumba vya kulala. Na jaa la Dandora, ambalo moshi wake hutufikia bila kuuliza mpaka, lingebaki upande wa pili wa mstari, mikononi mwa jiji ambalo hatungekuwa tena wapiga kura wake. Maji nayo yatoka mbali, Ndakaini na Sasumua. Hata Nairobi yenyewe huyapata nje ya mipaka yake.

Watu wa Soweto, huko Afrika Kusini, walionja jambo hili. Serikali ya ubaguzi iliwapa baraza lao, lakini maduka makubwa na viwanda vikabaki katika Johannesburg ya Wazungu, ambako watu wa Soweto walifanya kazi na kutumia mishahara yao. Tangu 1986 walikataa kulipa pango, na dai lao likawa kwamba mji uwe mmoja na mfuko wa kodi uwe mmoja. Wao waliomba kuingia mlango ule ambao sisi twataka kuutokea.

Sheria nayo ni nzito. Sheria ya mwaka 2011, kama ilivyorekebishwa 2019, yataka watu 250,000 kwa jiji na 50,000 kwa manispaa. Lakini hiyo hiyo yasema Nairobi itaendeshwa kama serikali ya kaunti. Kuuhamisha mpaka wa kaunti kwahitaji, kwa Katiba ya 2010, tume huru, theluthi mbili za Bunge la Taifa na theluthi mbili za wajumbe wa kaunti katika Seneti. Tazameni Githurai, ambako mtaa mmoja umekatwa na mstari kati ya Nairobi na Kiambu, na majirani wa soko moja huenda kwa magavana wawili.

Mwandishi haoni kuwa kujitenga kwatufaa. Lakini haoni pia kwamba tunyamaze. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 yaruhusu wadi kugawanywa katika vijiji, kila kijiji kiwe na msimamizi na baraza la wazee kati ya watatu na watano, walioidhinishwa na Bunge la Kaunti. Sheria hiyo hiyo yampa mwananchi haki ya kupeleka ombi kwa maandishi. Kamati yaona ombi letu la kwanza liwe la kutaka hesabu ya kodi zilizokusanywa katika wadi na zilizotumika humo. La pili, kuanzishwa kwa mabaraza hayo ya vijiji. Wanachama waje katika mkutano mkuu na nakala za stakabadhi zao za kodi ya ardhi, kwa maana ombi lisiloambatanishwa na stakabadhi hujibiwa polepole sana, nasi makarani twajua jinsi majalada yanavyolala.