Taa na prizi za nje mu lupango: mambo ya kujua mbele ya kuita fundi

Hapa kwetu giza haina majira. Butembo na Beni ziko karibu kabisa na mstari wa ikweta, njo maana mwaka mzima jua linazama karibu na saa kumi na mbili jioni na kurudi saa kumi na mbili asubuhi. Ni saa kumi na mbili za usiku kila siku. Na mu lupango nyingi choo kiko nyuma, jikoni kiko pembeni, wapangaji wako watatu ao wane, na njia ya kutoka chumba mpaka chooni ni udongo mwekundu wenye kuteleza. Mama mwenye kuamka saa nane za usiku na mtoto, taa ya nje kwake si mapambo. Wakaaji wa Beni hawahitaji kuelezwa: wanajua vizuri namna gani mutu anaogopa sauti ya nje wakati haoni kitu.

Miaka ya nyuma umeme ulikuwa mambo ya gropo na wachache. Sheria ya tarehe 17 Juni 2014 juu ya umeme ilifungua mlango kwa makampuni mengine kando ya SNEL, na leo watu wanasikia majina ya ENK na Virunga Energies kila siku. Hata mbele ya hapo, mwaka 2013, mtambo mdogo wa maji wa Mutwanga, chini ya mlima Ruwenzori, ulikuwa umeanza kutoa umeme. Kadiri konteri zinaongezeka ku nyumba, watu wanavuta nyaya mpaka nje: taa ku mlango mkubwa, prizi ku barza ya kuchajia simu za majirani, prizi ya mashine ya kunyoa nywele, ya pompe ya maji. Kila mara kampuni inajibia tu mpaka ku konteri. Kinachofuata nyuma ya konteri ni cha mwenye nyumba, na hapo njo matatizo yanaanza.

Tatizo la kwanza ni kuamini kama disjonkteri ya kawaida inalinda mutu. Hapana. Disjonkteri ya ampere 16 inalinda waya isiungue. Inangoja umeme upite ampere 16 njo ikate. Lakini mwili wa mutu hauhitaji hata ampere moja ili ufe: miliampere 50 zikipita kifuani kwa muda kidogo zinaweza kusimamisha moyo. Mara mia tatu chini ya ile disjonkteri inangoja! Na nje hatari inaongezeka, juu mutu anakanyaga udongo wenye maji, mara nyingi bila viatu, na ngozi yenye kulowana inapitisha umeme vizuri zaidi.

Chombo chenye kulinda mutu kinaitwa diferansieli, ya miliampere 30. Kinapima umeme unaotoka na ule unaorudi. Kama kiasi fulani hakirudi, maana yake kinapita pahali pengine, labda ndani ya mwili wa mutu, na chombo kinakata kabla hujamaliza kusema « aïe ». Bei yake inapita ile ya disjonkteri ya kawaida, na njo sababu mafundi wengi hawaiweki: wanajua mwenye nyumba atalalamika. Mimi ningesema hivi: kama pesa haitoshi kwa diferansieli, prizi ya nje ingoje. Taa inaweza kutangulia, ikiwa juu, pahali mukono hauifikii. Angalia vilevile kifungo kidogo chenye alama T juu ya diferansieli. Ukikifinya, umeme unapashwa kukatika palepale. Ufanye hivyo kila mwezi. Kisipokata, kile chombo kimekuwa pambo la ukutani.

Kisha kuna waya wa ardhi, ule wa rangi ya kijani na manjano. Mu nyumba nyingi unafika ku prizi halafu hauendi popote, ao fundi aliukata ili aone nafasi. Kazi yake ni kupeleka umeme uliopotea ndani ya udongo kupitia chuma kirefu cha shaba kilichopigwa chini, karibu metre moja na nusu ao mbili. Diferansieli inaweza kukata hata bila waya wa ardhi, lakini itangoja mutu aguse kwanza. Ukiwa na waya wa ardhi, inakata siku ileile pompe inapoharibika, mbele ya mutu kuigusa. Pa kupiga ile chuma, chagua pahali penye unyevu, si mu mchanga mukavu chini ya paa. Kukaza bomba la maji kama ardhi, hapana: siku hizi tiyo nyingi ni za plastiki, na hata kama ni ya chuma, majirani wanachota hapo.

Sasa nyaya. Kwetu, ku lupango ya wazazi, fundi mmoja alipitisha waya za ndani ya nyumba, zile za moja-moja, ndani ya kipande cha tiyo ya kumwagilia, akazifunika na udongo wa kiganja kimoja. Ilifanya kazi vizuri miezi saba. Siku ya kupanda maharagwe jembe likaipata. Dada yangu aliona cheche, disjonkteri ikaruka, na kwa bahati mpini wa jembe ulikuwa mti mukavu. Tangu siku ile ninauliza swali moja kwa kila fundi: utachimba mpaka wapi?

Jibu zuri ni centimetre 60 hivi, na zaidi, karibu 85, pahali gari ao moto inapita. Kabo inapashwa kuwa ile nzito yenye ganda mbili, ndani ya tiyo ya kabo. Chini yake mchanga bila mawe, juu yake mchanga tena, kisha, centimetre 20 ao 30 juu ya kabo, utepe wa plastiki mwekundu, ili mwenye kuchimba kesho aone alama mbele ya jembe kufika. Kwa prizi tumia waya wa 2,5 na disjonkteri isiyopita ampere 16. Kwa taa peke yake 1,5 na ampere 10 inatosha. Chora ramani mu kaye, na hatua ngapi kutoka ku ukuta. Wapangaji wanahama, fundi anasafiri, ramani inabaki. Kama huwezi kuchimba, pitisha kabo chini ya paa, ukutani, yenye kukazwa vizuri. Usiifunge ku mti wa avoka wala ku mgomba. Mti unakua, upepo unautikisa, ganda linasuguliwa, na mvua ya hapa haikosi.

Prizi yenyewe iwe na kifuniko chenye kujifunga, chenye alama IP44 ao zaidi. Ile tarakimu ya pili inaonyesha maji: 4 ni matone ya kurushwa kutoka kila upande, 5 ni maji ya tiyo. Iweke chini ya paa ya barza, metre moja na zaidi kutoka chini, kabo ikiingilia upande wa chini. Mbele ya kuingia, kabo ishuke kidogo kama shingo, ili tone la mvua lidondokee pale na lisiingie ndani. Na kizimio kikae ndani ya nyumba: usiku unazima prizi ya nje, na hakuna mutu wa kuja kuchajia bila wewe kujua.

Juu ya taa, hesabu ni nyepesi. Ampuli ya LED ya wati 10 ikiwaka usiku mzima, saa 12, inakula kilowati-saa 3,6 kwa mwezi. Ile ampuli ya zamani ya wati 100 inakula 36. Wenye pano za jua wana njia ingine nzuri: taa za volti 12 moja kwa moja ku betri. Volti 12 haiwezi kuua mutu kwa kugusa, ijapokuwa waya mbili za betri zikigusana zinaunguza, kwa hiyo fyuzi iwekwe karibu na betri. Lakini volti 12 zinachoka njiani. Taa za wati 20 kwa umbali wa metre 20 na waya wa 0,75 zinapoteza karibu volti 1,6. Ukichukua waya wa 1,5 hasara inakuwa nusu.

Pahali ninaogopa zaidi ni kwenye kilio. Watu wanakuja wengi, shitu inatandikwa, bafle zinaletwa, na ralonji tatu zinaunganishwa moja kwa ingine juu ya nyasi. Saa tisa mvua inanyesha. Maungano ya ralonji yanapashwa kuinuliwa juu ya kiti ao kufungwa ku mti wa shitu, si kulala mu matope. Ralonji ya kujizungusha ifunguliwe yote, juu ikibaki imezungushwa inapata moto. Na gropo isiingizwe kamwe ndani ya nyumba kwa kamba yenye vichwa viwili vya kuchomeka: vichuma vya kichwa kimoja vinabaki na umeme wazi mukononi, na umeme unarudi ku laini, unaweza kuua mfanyakazi wa kampuni aliye juu ya nguzo. Kuna kibadilishio cha kuchagua ao gropo ao laini. Hicho njo kinahitajika.

Neno moja juu ya radi. Mwaka 2016 wanasayansi walitoa orodha ya pahali penye radi nyingi zaidi duniani kwa kufuata picha za satelaiti, na Butembo iko kati ya kumi za kwanza: karibu radi 130 kwa kilometa mraba moja kila mwaka. Diferansieli haizuii radi. Mvua ikikaribia, chomoa televizyo na pompe mapema, si wakati ngurumo iko juu ya paa, na usiguse prizi ya nje ao nguzo ya chuma ya taa mpaka ipite.

Ukikuta mutu ameshikwa na umeme, usimvute kwa mukono. Kimbia ku disjonkteri kwanza, zima yote. Kama hujui iko wapi, msukume mbali na waya kwa mti mukavu ao kiti cha plastiki, wewe ukisimama juu ya kitu kikavu. Akiwa hapumui, anza kufinya kifua, katikati, kwa nguvu na haraka, na mwingine atafute moto ya kumpeleka hospitali. Hata akiamka na kusema yuko muzima, mpelekeni: moyo unaweza kusumbua nyuma ya masaa. Leo jioni, onyesha watoto na wapangaji wote pahali disjonkteri iko.