Mila za Siku ya Mechi katika Chuo Kikuu cha Texas A&M

Mila za siku ya mechi katika Chuo Kikuu cha Texas A&M ni jumla ya desturi, miito, nyimbo na ishara zinazofuatwa na wanafunzi na wahitimu wa chuo hicho, kilichopo mjini College Station katika jimbo la Texas nchini Marekani, kabla ya mechi za futiboli ya Kimarekani, wakati zikichezwa na baada ya kumalizika. Mchezo huo una wachezaji 11 kila upande, na mpira wake wenye umbo la yai hubebwa na kurushwa kwa mikono zaidi kuliko unavyopigwa kwa mguu. Vyuo vingi vya Marekani vina mila za namna hii, lakini ni vichache vilivyozishikilia kwa ukaidi kama Texas A&M, ambako mwanafunzi huitwa Aggie, jina linalotokana na neno la Kiingereza la kilimo, na ambako mwanafunzi anayeketi wakati mechi inaendelea huhesabiwa kuwa amekosa adabu.

Asili

Chuo kilifunguliwa mwaka 1876 kikiwa chuo cha kilimo na ufundi, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1862 iliyoyagawia majimbo ardhi ya umma ili yagharimie elimu ya juu, na sheria hiyo ilitaka mafunzo ya kijeshi yawe sehemu ya masomo. Kwa sababu hiyo, kwa miongo mingi wanafunzi wake wote walikuwa wanaume waliovaa sare, walioishi katika mabweni yenye nidhamu ya kambi na waliosoma huku wakiwa wanachama wa Kikosi cha Makadeti. Karibu kila mila inayotajwa hapa chini ilizaliwa katika mabweni hayo, na harufu ya kambi haijazitoka hadi leo.

Mabadiliko makubwa yalikuja wakati wa urais wa James Earl Rudder, afisa wa jeshi aliyepigana katika vita vya pili vya dunia na aliyekiongoza chuo kuanzia mwaka 1959 hadi alipofariki mwaka 1970. Mwaka 1963 wanawake walianza kupokelewa kwa masharti, na mwaka 1965 kujiunga na Kikosi kukawa hiari. Wengi walitabiri kwamba mila zingekufa, kwa kuwa Kikosi, mlezi wake, hakikuwa tena na amri juu ya kila mwanafunzi. Hazikufa, na sababu kubwa ni kwamba chuo kilikuwa na utaratibu wa kuzifundisha. Tangu mwaka 1954 wanafunzi wa mwaka wa kwanza, ambao kwa lugha ya chuoni huitwa samaki, hupelekwa kambini kwa siku chache kabla ya masomo kuanza, na huko wanafunzi wenzao waliotangulia huwafundisha miito, nyimbo, ishara za mikono na salamu ya chuo. Kambi hiyo ni unyago wa aina yake, maana anayetoka huko huwa tayari anajua lini anyamaze, lini ainame na lini apige kelele. Leo chuo kina wanafunzi zaidi ya 70,000, na makadeti miongoni mwao ni sehemu ndogo sana.

Mchezaji wa 12

Mila inayojulikana kuliko zote ni ile ya Mchezaji wa 12. Msemo huu si mgeni kwa msomaji wa Afrika Mashariki, kwani watangazaji na mashabiki wa soka nao huwaita watazamaji hivyo, lakini huku ni sifa tu, ilhali Texas A&M ni wajibu wenye hadithi yake na tarehe yake.

Tarehe 2 Januari 1922, mjini Dallas, timu ya Texas A&M ilikutana na Chuo cha Centre kutoka Kentucky, kilichokuwa na mojawapo ya timu bora za nchi wakati huo. Wachezaji wa Texas A&M waliumia mmoja baada ya mwingine hata kocha Dana X. Bible akaona benchi lake linakaribia kuisha. Ndipo akamkumbuka E. King Gill, mwanafunzi aliyekuwa ameiacha timu hiyo msimu ulipokwisha ili acheze mpira wa kikapu, na ambaye siku hiyo alikuwa juu kwenye chumba cha waandishi wa habari akiwasaidia kuwatambua wachezaji. Gill alishuka, akavaa chini ya jukwaa sare ya mchezaji aliyeumia, akasimama pembeni ya uwanja hadi kipenga cha mwisho. Texas A&M ilishinda kwa pointi 22 dhidi ya 14, na Gill hakuingia uwanjani hata dakika moja. Kinachoenziwa ni kule kusimama kwake akiwa tayari, na ndiyo sababu wanafunzi husimama mechi nzima, ambayo huchukua zaidi ya saa tatu, mara nyingi katika joto kali la Septemba.

Inafaa kueleza kwamba umaarufu wa kisa hicho haukuja siku ile ile. Kilienea zaidi mwaka 1939 kilipofanywa mchezo wa redio, na msemo wenyewe ulikuwapo kabla yake, kwani jarida la Chuo Kikuu cha Minnesota liliutumia mwaka 1900 kuwaelezea washangiliaji. Hilo halikuwazuia wakuu wa Texas A&M kuusajili msemo huo kuwa alama ya biashara mwaka 1990, wala kuishtaki mahakamani mwaka 2006 klabu ya kulipwa ya Seattle Seahawks, ambayo nayo ilikuwa imezoea kuwaita mashabiki wake kwa jina hilo. Shauri lilimalizwa kwa makubaliano ya leseni, na klabu hiyo ikaruhusiwa kuutumia kwa malipo.

Mwaka 1983 kocha Jackie Sherrill aliipa mila hii mwili kwa kuunda kikosi cha kuanzisha mpira kilichojaa wanafunzi wa kawaida wasio na ufadhili wa michezo. Baadaye kikosi hicho kilipunguzwa hadi mchezaji mmoja anayevaa jezi namba 12, na kuipata jezi hiyo ni heshima kubwa.

Mkesha wa miito

Texas A&M haina wachezangoma wa kushangilia kama vyuo vingine. Badala yao huwa na viongozi wa miito, ambao ni wanafunzi watano wanaochaguliwa na wenzao kwa kura, watatu wa mwaka wa mwisho na wawili wa mwaka unaotangulia, na ambao huvaa nguo nyeupe. Mwito ni maneno mafupi yanayotamkwa kwa sauti moja na jukwaa zima. Kiongozi hutoa ishara kwa mikono, walio mbele huipokea na kuipitisha nyuma safu kwa safu, na ishara inapofika juu kabisa watu huinama, mikono magotini, kisha maelfu hupaza sauti kwa pamoja. Usiku wa kuamkia mechi ya nyumbani, saa sita, watu hukusanyika uwanjani kufanya mazoezi ya miito hiyo, nao viongozi husimulia ngano za kuwakejeli wapinzani. Taa zikizimwa, walio na wapenzi wao hupigana busu, na asiye na mwenzi huwasha kiberiti ili aonekane gizani.

Ishara ya kidole gumba kilichoinuliwa juu ina historia yake. Mwaka 1930, kabla ya mechi na Chuo Kikuu cha Texas Christian, ambacho alama yake ni mjusi mwenye pembe anayeitwa chura kwa Kiingereza, mhitimu mmoja aliwauliza wanafunzi wangewafanya nini vyura hao, akajijibu mwenyewe kwa kutaja ule mkuki mfupi wa kuwindia vyura na kuinua kidole gumba. Mpinzani alikuwa wa mechi moja tu, lakini ishara imebaki kwa mechi zote.

Bendi

Bendi ya makadeti ilianza mwaka 1894 na hupiga muziki wa kijeshi wakati wa mapumziko, ikipishana kwa mistari iliyobanana sana.

Reveille

Reveille ni jina la mbwa wa chuo, ambalo pia ni jina la mlio wa tarumbeta ya alfajiri. Wa kwanza alikuwa mbwa wa mtaani mweusi na mweupe, aliyegongwa na gari la makadeti mwaka 1931 na kufichwa bwenini kinyume cha sheria, kisha akajisaliti kwa kubweka tarumbeta ilipolia. Tangu mwaka 1966 hutumika mbwa wa aina ya koli, mwenye manyoya marefu. Katika Kikosi yeye ndiye mwenye cheo cha juu kuliko wote, makadeti humwita kwa heshima ya bibi mkubwa, na inasemwa kwamba akilala juu ya kitanda cha kadeti, mwenye kitanda hulala sakafuni. Waliofariki wamezikwa nje ya lango la kaskazini la Uwanja wa Kyle, uwanja wa nyumbani wa timu, wakielekezwa kwenye ubao wa matokeo, na upanuzi wa uwanja ulipouziba ubao huo, uliwekwa mwingine mdogo kwa ajili yao.

Moto Mkubwa na maafa ya mwaka 1999

Kwa takriban miaka 90 wanafunzi waliwasha moto kila Novemba kabla ya mechi na Chuo Kikuu cha Texas cha mjini Austin, mtani wao wa jadi. Ulioanza kama rundo la taka na mbao ukawa mnara wa magogo ambao wanafunzi wenyewe waliyakata msituni kwa shoka, wakayabeba mabegani na kuyasimamisha kuzunguka nguzo ya katikati, tabaka juu ya tabaka mfano wa keki ya arusi. Mwaka 1969 mnara ulifikia futi 109, yaani zaidi ya mita 33, na baadaye ukawekewa kikomo cha futi 55. Juu yake kiliwekwa kibanda cha choo kilichopakwa rangi ya chungwa ya watani. Mwaka 1963 haukuwashwa, kwa maombolezo ya Rais Kennedy.

Tarehe 18 Novemba 1999, saa 8:42 usiku, mnara wenye magogo yapatayo 5,000 uliporomoka ukiwa na wajenzi juu yake. Watu 12 walikufa na 27 walijeruhiwa. Tume ya uchunguzi, iliyotoa ripoti yake Mei 2000, ilieleza kwamba magogo ya tabaka za juu yalishindiliwa kama kabari katikati ya yale ya chini na kuyasukuma nje, na kwamba tabaka la kwanza halikuwa limezungushiwa kamba za chuma za kulibana. Tume ilitaja pia udhaifu wa usimamizi wa chuo, ambacho kwa miaka mingi kiliwaachia vijana kazi iliyohitaji mhandisi. Siku nane baada ya maafa mechi ilichezwa, bendi ya watani ikavua kofia kwa heshima, na Texas A&M ikashinda 20 kwa 16.

Mnara wa kumbukumbu wenye milango 12 ulizinduliwa tarehe 18 Novemba 2004, na kila mlango umeelekezwa upande wa nyumbani kwa marehemu mmoja. Tangu mapema miaka ya 2000 kundi la wanafunzi huwasha moto wao nje ya ardhi ya chuo, bila idhini ya wakuu. Mwaka 2024 rais wa chuo, Mark Welsh, alikataa pendekezo la kuurudisha ndani.

Kumbukumbu za wafu

Tarehe 21 Aprili kila mwaka wahitimu hukutana popote walipo duniani na kuita majina ya wenzao waliofariki mwaka huo, na kwa kila jina rafiki au ndugu huitika kwamba yupo. Ingawa haihusu mechi, mila hii hutajwa pamoja na nyingine.

Hali ya sasa

Uwanja wa Kyle, uliopewa jina la profesa wa kilimo cha bustani aliyeuzungushia uzio mwanzoni mwa karne ya 20, una viti 102,733 tangu ukarabati wa mwaka 2015. Mwaka 2012 chuo kilihamia ligi ya SEC ya vyuo vya kusini mashariki, na mechi ya watani ikakoma kwa zaidi ya miaka kumi. Katika muda wote huo mashabiki waliendelea kuuimba wimbo wao wa vita, uliotungwa mwaka 1918 na mwanafunzi wa chuo hicho aliyekuwa askari Ulaya, wakiyumba kushoto na kulia huku wameshikana mabega, ingawa beti zinazoimbwa humsuta mtani ambaye hawakuwa wakikutana naye. Mechi hiyo ilirejea tarehe 30 Novemba 2024 katika Uwanja wa Kyle, na wageni walishinda 17 kwa 7.