Gurudumu ndilo mpaka wa kasi: Somo la jangwani kwa madereva wa Kwale

ABIRIA anayesafiri kutoka Likoni kuelekea Lunga Lunga hupita Ukunda na Msambweni bila kuwazia kwamba uhai wake umebebwa na vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikigusa lami kwa eneo lisilozidi sana kiganja cha mkono. Injini husifiwa, breki hukaguliwa, lakini tairi aghalabu hukumbukwa siku linapopasuka.

Wahandisi waliotafuta rekodi ya dunia ya mwendo wa kasi zaidi ardhini walilazimika kufikiri kinyume. Kwao, injini yenye nguvu ilipatikana mapema. Kilichowasumbua kwa zaidi ya miaka 100 ni kupata gurudumu lisilosambaratika.

Isitoshe, Kaunti ya Kwale ina uhusiano na suala hili, kwa kuwa ardhi yake ina madini ya titaniamu, metali iliyowahi kupendekezwa kuundia magurudumu ya gari la kasi kuliko yote.

Kwa nini gurudumu hupasuka

Kila chembe ya mpira iliyo kwenye ukingo wa tairi hutaka kwenda mbele moja kwa moja. Huzunguka tu kwa sababu nyuzi na waya zilizo ndani ya tairi zinaishika. Nguvu inayohitajika kuishika haiongezeki sambamba na kasi. Kasi ikizidi mara mbili, nguvu huzidi mara nne. Kasi ikizidi mara tatu, nguvu huzidi mara tisa.

Chukua mfano wa matatu yenye tairi la nusu-kipenyo cha sentimita 33. Ikienda kilomita 80 kwa saa, tairi huzunguka karibu mara 640 kwa dakika, na kila gramu ya mpira wa ukingoni huhitaji kushikwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa gramu 150 hivi. Dereva akifikisha kilomita 160 kwa saa, gramu hiyo huwa kama gramu 600.

Joto nalo huongeza hatari. Tairi lisilo na upepo wa kutosha hujikunja na kujikunjua kila linapogusa barabara. Mkunjo huo huzalisha joto, joto hulegeza mshikamano wa mpira na nyuzi, na hatimaye gamba la juu hubanduka au tairi zima hupasuka. Katika jua la Pwani, ambapo lami yenyewe huwaka mchana kutwa, mzigo ukizidi safari huwa ya bahati nasibu.

Kutoka mpira hadi chuma

Gari la kwanza kuvuka kilomita 100 kwa saa liliendeshwa na Mbelgiji Camille Jenatzy karibu na Paris mnamo Aprili 29, 1899. Lilitumia umeme, na matairi yake ya upepo yalitengenezwa na Michelin. Lilifikia kilomita 105.88 kwa saa, mwendo ambao leo haumshangazi mtu yeyote.

Kwa miaka mingi mashindano hayo yalifanyika ufuoni, kama vile Daytona katika jimbo la Florida, Marekani. Lakini mchanga wa bahari haulali sawa. Kila maji yanapojaa na kupwa huacha matuta mapya. Kwa sababu hiyo, mnamo 1935 Mwingereza Malcolm Campbell alihamia uwanda wa chumvi wa Bonneville katika jimbo la Utah. Huko, Septemba 3, alivuka maili 300 kwa saa, yaani takriban kilomita 484, ingawa tairi lake moja la mbele lilipasuka katika safari ya kwanza.

Wahandisi walijifunza kwamba mpira mzito ni adui. Matairi ya rekodi yaliundwa yakiwa na gamba jembamba mno, kinyume na dhana ya wengi kwamba tairi nene ndilo imara. Gari la mwisho kushika rekodi hiyo likiwa na matairi ya mpira ni Blue Flame la Mmarekani Gary Gabelich, lililofikia kilomita 1,001 kwa saa mnamo Oktoba 23, 1970.

Baada ya hapo mpira uliachwa kabisa. Thrust2, lililoendeshwa na Richard Noble mwaka wa 1983, lilikuwa na magurudumu ya alumini pekee. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa ThrustSSC, ambalo Andy Green aliliendesha kwa wastani wa kilomita 1,227.985 kwa saa mnamo Oktoba 15, 1997 katika jangwa la Black Rock, Nevada, na kuwa gari la kwanza kushika rekodi likiwa limepita kasi ya sauti.

Gurudumu la metali halifai barabarani, kwani lingeichimba lami na kuteleza. Hufanya kazi juu ya ziwa lililokauka, ambako udongo mgumu hukubali kuchimbika kidogo na hivyo kulishika gari lisiyumbe. Ndiyo maana uwanja huwa sehemu ya uhandisi. Huko Hakskeen Pan, Afrika Kusini, zaidi ya wakazi 300 wa jamii ya Mier waliokota kwa mikono zaidi ya tani 16,000 za mawe ili kulitayarishia njia gari la Bloodhound.

Titaniamu ya Kwale

Bloodhound, lililotangazwa 2008, lilikusudiwa kufikia maili 1,000 kwa saa, yaani kilomita 1,609. Gurudumu lake la kipenyo cha sentimita 90 lingezunguka takriban mara 9,500 kwa dakika, na kila gramu ya ukingoni ingekuwa na uzito wa zaidi ya kilo 45. Mwanzoni wabunifu walitaja titaniamu. Baadaye wakachagua aloi ya alumini.

Uamuzi huo una mantiki yake. Titaniamu ni imara sana na ni nyepesi kuliko chuma cha pua, lakini ujazo uleule wa alumini una uzito wa takriban asilimia 60 tu ya titaniamu. Kwa kitu kinachozunguka, uzito wake wenyewe ndio mzigo wake. Mnamo 2019 gari hilo lilifikia kilomita 1,010 kwa saa katika majaribio, bila kuvunja rekodi.

Kampuni ya Base Titanium ilianza kusafirisha madini ya ilimenaiti, rutile na zirikoni kutoka Kwale kupitia Likoni mnamo Februari 2014, na uchimbaji ulikoma Desemba 2024. Madini hayo yaliuzwa nje yakiwa mchanga uliochujwa. Sehemu kubwa ya madini ya titaniamu duniani hugeuzwa kuwa unga mweupe wa rangi na plastiki. Kiasi kidogo tu huwa metali ya ndege na mitambo. Kwale ilitoa malighafi, lakini ujuzi wa kuifua ulibaki ng'ambo.

Funzo kwa msafiri

Hata hivyo, kuna ujuzi usiohitaji kiwanda. Barabara ya Dongo Kundu sasa inaunganisha Miritini na Kibundani bila kivuko cha feri, na njia pana hushawishi mguu wa dereva. Sheria huziwekea matatu kikomo cha kilomita 80 kwa saa, lakini tairi nalo lina kikomo chake, nacho kimeandikwa ubavuni. Herufi L humaanisha kilomita 120 kwa saa, Q 160, S 180, na H 210. Hicho ni kikomo cha tairi zima lenye upepo sahihi na lisilozidishiwa mzigo, wala si ruhusa ya kukimbia.

Ubavuni pia mna tarakimu nne za umri. Tairi lenye 2319 liliundwa wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa dukani, kwa hivyo mnunuzi wa tairi lililotumika asidanganywe na rangi nyeusi inayong'aa. Upepo nao upimwe asubuhi kabla ya safari, tairi likiwa baridi, kwani likishapata joto kipimo hupanda na kuficha upungufu.

Timu za rekodi hukagua kila gurudumu kabla ya kila safari, ilhali dereva wao huwa peke yake jangwani. Matatu ya Ukunda hubeba abiria 14.