Mzinga wa meli uliofia Kahe

Ukitaja Kahe, wengi wetu wa Moshi tunawaza mpunga, au ile stesheni ambapo reli ya Taveta inaachana na ya Tanga. Lakini Machi 1916 hapo palikuwa na mzinga wa meli ya kivita. Bahari iko mbali kabisa, ulifikaje?

Meli yenyewe ni Königsberg ya Wajerumani. Tarehe 20 Septemba 1914 iliikuta Pegasus ya Waingereza imetia nanga Zanzibar ikitengenezwa injini, ikaishambulia hadi ikazama. Ukitazama upana wa mitutu, hazikupishana sana: milimita 105 kwa 102. Siri ilikuwa kwenye kombora. La Königsberg lilikuwa na kilo 17 hivi, la Pegasus 11, na kombora zito halipunguzwi kasi na hewa upesi. Pegasus ilirudisha moto, makombora yakaishia majini.

Königsberg nayo iliangamizwa kwenye delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915. Wajerumani wakaopoa mizinga yote 10, wakaipeleka Dar es Salaam na kuiundia magari ya kuivuta. Mingine ililinda pwani, mingine ikapelekwa bara. Sasa, Reli ya Kati na reli ya Tanga–Moshi zilikuwa bado hazijaunganishwa. Pasipo na reli, chuma hicho kilivutwa na ng'ombe na wapagazi kwa mamia. Historia za vita hii zinawataja maofisa kwa majina. Hawa waliovuta, mara nyingi ni idadi tu.

Na tatizo halikuisha kwa kufika. Melini, mzinga hukaa juu ya mhimili uliofungwa kwenye sitaha, na meli nzima hupokea msukumo wake wa kurudi nyuma. Ule wa Kahe ulisimikwa hivyohivyo, ardhini. Ukisimikwa hivyo unapiga vizuri, ila kuuhamisha ghafla haiwezekani. Wajerumani waliporudi nyuma baada ya mapigano ya 21 Machi, waliulipua wenyewe wakauacha.

Mitatu kati ya ndugu zake ipo hadi leo: Pretoria, Jinja na Fort Jesus, Mombasa. Ukienda Fort Jesus, utafute pia mzinga wa Pegasus, maana nao upo kwenye ngome hiyohiyo. Zile milimita 3 huwezi kuziona kwa macho.