Nani Anagonga Huko Chini?

Tarehe 10 Januari 1963, runinga ya CBS huko Marekani ilionyesha kipindi cha The Twilight Zone kiitwacho "The Thirty-Fathom Grave". Stori ni hii: manowari inapita karibu na Guadalcanal, bahari ya Pasifiki, halafu mitambo yake inanasa sauti kutoka chini. Mtu anagonga chuma. Mzamiaji anatumwa na kukuta nyambizi iliyozama mwaka wa 1942. Sasa nani huyo anagonga, miaka ishirini baadaye?

Ndani ya manowari kuna baharia anayeitwa Bell, na tangu sauti ianze hana amani. Kumbe alikuwa kwenye nyambizi hiyo, na ni yeye pekee aliyetoka hai. Anaamini taa iliyomponyoka usiku ule ndiyo iliyowaonyesha Wajapani pa kulenga. Nahodha anamwambia asijilaumu, lakini wapi. Anawaona wenzake waliokufa wakimwita, na mwishowe anajitupa baharini.

Rod Serling, aliyeiandika, alipigana Ufilipino akiwa askari wa miavuli. Mambo ya kurudi nyumbani ukiwaacha wenzako huko aliyajua vizuri, na ndiyo maana Bell anaumiza kumtazama hata leo.

Na kugonga kwenyewe si mambo ya runinga tu. Baada ya Japani kushambulia Pearl Harbor tarehe 7 Desemba 1941, walinzi walisikia mlio wa chuma kutoka kwa USS West Virginia, meli iliyokuwa imezama hapo bandarini. Mabaharia watatu walikuwa hai ndani. Kuwatoa haikuwezekana: ukitoboa chuma, maji yanaingia, ukitumia moto, unaweza kulipua meli. Ilipoinuliwa mwaka uliofuata, miili yao ilipatikana pamoja na kalenda yenye alama hadi 23 Desemba. Siku 16. Jeshi halikuziambia familia. Rasmi, vijana hao walikufa siku ya shambulio.

Serling alimtwika mzigo wote Bell. Lakini miezi mitatu kamili baada ya kipindi hicho, tarehe 10 Aprili 1963, nyambizi ya USS Thresher ilizama Atlantiki ikifanyiwa majaribio. Watu 129 walikufa. Safari hii hakukuwa na Bell wa kulaumiwa. Uchunguzi ulisema huenda bomba lilipasuka na maji yakaingia, kisha hewa ambayo ingeiinua nyambizi ikazibwa na barafu kwenye mirija.

Ndipo jeshi la wanamaji likaanzisha mpango wa SUBSAFE: kila sehemu inayozuia maji ikaguliwe, na ukaguzi uwekwe kwenye maandishi. Tangu hapo Marekani imepoteza nyambizi moja zaidi, USS Scorpion, mwaka wa 1968, na hiyo haikuwa imepitishwa na mpango huo.

Sisi pia tunapenda stori yenye mtu mmoja wa kulaumiwa: dereva, rubani, mlinzi wa zamu. Inaeleweka haraka, na inaisha kwa saa moja. Kuuliza nani aliidhinisha lile bomba ni kazi ya miaka, tena haina mizimu. Lakini ndiyo iliyowarudisha nyumbani mabaharia waliokuja baadaye.