Madoa mekundu kwenye ngozi yana vyanzo vingi, si joto pekee

MADOA mekundu yanapojitokeza ngozini, wakazi wengi wa Kitui na Makueni husingizia joto. Mara nyingi hawakosei. Harara hutokea jasho linapozibwa chini ya ngozi, na hutoweka mwili ukipoa.

Mdudu ajulikanaye kama Nairobi fly, mwenye rangi nyekundu na nyeusi, naye huacha alama nyekundu yenye kuchoma. Hang’ati wala hachomi. Ni majimaji yake yanayounguza anapopondwa juu ya ngozi. Huongezeka baada ya mvua nyingi, kama ilivyoshuhudiwa nchini wakati wa El Nino ya 1997 na 1998.

Madoa ya kutiliwa shaka zaidi ni yale yatokanayo na damu kuvuja chini ya ngozi. Njia rahisi ya kuyatambua ni kuyabonyeza kwa gilasi safi inayopenya macho. Wekundu wa kawaida hufifia. Damu iliyovuja haififii. Kwa mtu mweusi madoa hayo huonekana ya zambarau au meusi, hivyo ni heri kuchunguza viganja, nyayo, kaakaa na ndani ya kope. Yakiandamana na homa kali na shingo kukakamaa, huenda ni homa ya uti wa mgongo, na mgonjwa hapaswi kusubiri kupambazuke.

Ini ndilo hutengeneza sehemu kubwa ya protini zinazogandisha damu. Likiharibika, damu huvuja kwa urahisi, na hapa ndipo wenyeji wa Ukambani wana kumbukumbu chungu. Mwaka wa 2004, watu 317 waliugua na 125 wakafariki, wengi wao katika wilaya za Makueni na Kitui za wakati huo, baada ya kula mahindi yenye sumu ya aflatoksini. Dalili kuu ilikuwa macho kuwa manjano, pamoja na kutapika na maumivu ya tumbo. Sumu hiyo hutokana na kuvu inayoota kwenye mahindi yaliyohifadhiwa kabla ya kukauka vyema. Kuyachemsha hakuiondoi, jambo ambalo mpishi wa githeri, anayekesha na sufuria jikoni, huenda asiliamini.

Chanzo kingine, kinachosahaulika mno, ni kalazaa. Ugonjwa huu ulizuka kwa kishindo Kitui katika miaka ya 1950 na haujatokomezwa nchini. Huenezwa na usubi wanaojificha katika vichuguu vya mchwa, mahali ambapo wachungaji na watoto hupenda kuketi jioni. Mgonjwa hupata homa ya majuma mengi, hukonda, na wengu huvimba hadi tumbo likajitokeza. Chembe za kugandisha damu hupungua. Pua hutoka damu na madoa huonekana ngozini. Usipotibiwa, karibu kila mara huua.

Surua pia huleta vipele vyekundu, lakini huanzia usoni na nyuma ya masikio, vikitanguliwa na kikohozi, mafua na macho mekundu.

Anayeshuku damu inavuja asimeze aspirini, kwani huzidisha uvujaji. Hospitalini hupimwa wingi wa chembe za damu na hali ya ini. Kalazaa ina kipimo chake cha tone la damu, na tiba yake ya kawaida Afrika Mashariki ni sindano za siku 17.